Chelezo Kwanza, Manowari Baadaye: Urusi na Ndege za Baharini

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri, maafisa wastaafu wa wanamaji mliotuheshimu kwa kufika, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, nawashukuru kwa kunialika. Mlinitaka nizungumzie mustakabali wa manowari za kubeba ndege za Urusi, na mtu mwenye haraka anaweza kusema kwamba mada hiyo imekwisha kabla haijaanza. Urusi inayo manowari moja tu ya aina hiyo, Admiral Kuznetsov, ambayo haijafanya safari yoyote ya kivita tangu iliporejea kutoka Syria mapema mwaka 2017. Mwezi Julai 2025, Andrei Kostin, mkuu wa benki ya VTB ambayo ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi wa shirika la taifa la ujenzi wa meli, alisema hadharani kwamba haoni maana ya kuendelea kuikarabati, kwa kuwa ina zaidi ya miaka arobaini na gharama zake zimepita kiasi, na kwamba mwisho wake utakuwa ama kuuzwa ama kukatwakatwa.

Siku hizo hizo Admeri Sergei Avakyants, aliyewahi kuongoza Kikosi cha Pasifiki, alieleza kwamba manowari za kubeba ndege ni silaha za zama zilizopita, kwamba silaha za kisasa zinaweza kuziteketeza kwa dakika chache, na kwamba wakati ujao ni wa mitambo inayojiendesha na ndege zisizo na rubani. Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kubishana nayo jioni hii, kwa adabu zote, kwa maana Admeri Avakyants ameongoza kikosi kizima cha meli na mimi katika maisha yangu ya kazi nimeongoza boila mbili. Simbishii kwamba manowari hizo ziko hatarini. Ninachobisha ni mpangilio wa hadithi yenyewe, kwa sababu Urusi haikukaa ikapima, ikaona silaha hii imepitwa na wakati, kisha ikaiacha. Uwezo wa kuitunza ndio uliotangulia kupotea, kipande kwa kipande, kwa zaidi ya miaka thelathini, na falsafa ikaja baadaye. Sote tulisoma shuleni habari za sungura aliyesema sizitaki mbichi hizi, na tunakumbuka alikuwa amerukaruka mara ngapi kabla ya kusema hivyo.

Niruhusuni nianzie mahali ninapopafahamu kidogo, yaani chumba cha boila. Admiral Kuznetsov ni meli yenye urefu wa zaidi ya mita 300 na uzito unaokaribia tani 60,000 ikiwa imesheheni, nayo inasukumwa na mvuke wa boila nane unaozungusha turbini nne zenye jumla ya nguvu za farasi zipatazo 200,000. Boila hizo huchoma mafuta mazito, yale meusi yanayokuwa kama lami kwenye baridi, ambayo hayawaki sawasawa mpaka yapashwe moto, yachujwe, kisha yanyunyizwe kama ukungu kwenye hewa ya kutosha. Pua ya kunyunyizia ikiziba kidogo tu, au feni ya hewa ikipungua kasi, moshi unatoka mweusi tii, na kila mtu aliye ufukweni anajua kwamba humo ndani kuna jambo. Mwezi Oktoba 2016, ilipopita katika mlango-bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa ikielekea Syria, picha za moshi wake zilizunguka dunia nzima na watu wakacheka sana. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa nilikuwa nawafikiria mafundi waliokuwa chini ya ule moshi. Nyuma ya msafara huo ilifuata tagi kubwa ya uokoaji, yaani meli ya kuvuta meli nyingine, Nikolay Chiker, na meli ya kivita inayosafiri na tagi yake imekwisha kutueleza hali yake yenyewe.

Huko Syria, mwezi Novemba, ndege moja aina ya MiG-29 ilirudi kutaka kutua ikakuta nyaya za kunasia zina hitilafu. Wale ambao hamjaona jambo hili karibu, sitaha ya manowari ni fupi mno kwa ndege kusimama kwa breki zake, hivyo ndege hushusha ndoana mkiani, ndoana hukamata waya uliotandazwa kukingama sitaha, na mtambo ulio chini hulegeza waya ule polepole mpaka ndege isimame. Rubani aliambiwa asubiri. Akazunguka angani huku wenzake chini wakihangaika na waya, mpaka injini zake zikazimika kwa kukosa mafuta, akajirusha kwa kiti na kuokolewa, ndege ikazama. Wiki chache baadaye, mapema Desemba, Su-33 ilinasa waya vizuri kabisa, lakini waya ukakatika, ndege ikapitiliza mbele na kutumbukia baharini. Rubani huyu naye aliokolewa. Ndege nyingine za manowari hiyo zilionekana katika picha za setilaiti zikiwa zimeegeshwa kwenye uwanja wa nchi kavu wa Hmeimim, na hapo maana nzima ya kuvuta uwanja wa ndege baharini kutoka Murmansk hadi Mediterania inabaki kuwa swali.

Sasa tujiulize hali hiyo ilitoka wapi, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi, mniwie radhi.

Meli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1982 katika kiwanda cha Bahari Nyeusi kilichoko Mykolaiv, mji ambao Warusi huuita Nikolayev, na ambao uko Ukraine. Ilipita majina kadhaa kabla ya hili la sasa: ikaitwa Riga, ikaitwa Leonid Brezhnev, ikaitwa Tbilisi. Riga leo ni mji mkuu wa nchi mwanachama wa NATO na Tbilisi ni mji mkuu wa Georgia, kwa hiyo mtu anaweza kuisoma historia ya kuvunjika kwa dola la Kisovieti kwenye ubavu wa meli moja bila kufungua kitabu. Manowari zote za kubeba ndege za Wasovieti zilijengwa katika kiwanda hicho kimoja, zikiwemo Kiev na ndugu zake watatu zilizotangulia. Mafundi wake walikuwa wamejifunza kwa miaka ishirini kitu ambacho hakimo vitabuni, yaani namna ya kupanga maelfu ya mabamba, mabomba na nyaya ndani ya mwili mmoja ili lifti ya ndege ipande pale inapotakiwa kupanda.

Marubani nao walikuwa na chuo chao, na hicho pia kilikuwa upande huo huo, Saky, kwenye Rasi ya Crimea. Hapo ilijengwa sitaha ya nchi kavu iliyoitwa Nitka, yenye nyaya za kunasia na mwinuko wa mbele unaofanana na ule wa meli, ili rubani akosee juu ya zege kabla ya kukosea juu ya maji. Kutokana na mazoezi ya hapo, tarehe 1 Novemba 1989 Viktor Pugachev alitua na Su-27K juu ya manowari hiyo, ikiwa mara ya kwanza kwa ndege ya kawaida ya aina hiyo kutua juu ya meli ya Kisovieti. Marekani ilikuwa ikifanya hivyo tangu zamani, lakini kila taifa lina siku yake.

Kisha ukaja mwaka 1991. Mwanzoni mwa Desemba, Ukraine ikiwa imepiga kura ya uhuru, manowari hiyo iling'oa nanga usiku ikaondoka Bahari Nyeusi kwenda kaskazini, bila ndege zake na bila sherehe, huku sehemu ya watu wake wakiachwa nchi kavu. Marubani walibaki Saky wakitakiwa kuchagua kama wataapa utii kwa Ukraine. Timur Apakidze, aliyekuwa kiongozi wao, alikataa kuapa mara ya pili, akaenda na wenzake Severomorsk, mahali ambapo usiku wa majira ya baridi hauishi kwa wiki kadhaa, wakaanza upya. Apakidze alikufa tarehe 17 Julai 2001, katika maonyesho ya kusherehekea miaka 85 ya ndege za wanamaji wa Urusi, ndege yake ya Su-33 ilipoanguka karibu na Pskov. Watu kama yeye walibeba ujuzi huo kichwani mwao, na ujuzi wa kichwani hauna nakala.

Kwa hiyo kaskazini meli ilifika, na marubani wakafika, lakini kiwanda kilichoijenga hakikuweza kufungwa kamba na kuvutwa. Kule hakukuwa na gati lenye mvuke na umeme wa kutosha kuihudumia wakati wa baridi, na mara nyingi ilibidi iwashe boila zake yenyewe ikiwa imefungwa tu, boila ambazo zingepaswa kupumzika. Kwa lugha ya kijiweni, ni kama kuacha gari linanguruma usiku kucha mwaka mzima kwa sababu nyumba haina taa. Nasema kwa uhakika wa fundi kwamba Admiral Kuznetsov ilizeeka zaidi ikiwa gatini kuliko ikiwa baharini.

Suala la chelezo, yaani mahali pa kuipandisha meli ili itengenezwe, ndilo lililoimaliza. Wale wenzetu waliofuatilia ujenzi wa MV Mwanza kule Ziwa Victoria wanakumbuka kwamba mkataba haukuwa wa meli peke yake. Chelezo nacho kilikuwa na mkataba wake, kwa sababu meli kubwa huwezi kuijenga wala kuitazama tumbo mahali ambapo hakuna pa kuipandisha. Huko kaskazini mwa Urusi, chelezo pekee kilichoweza kuibeba Kuznetsov kwa urahisi kilikuwa kile kikubwa kinachoelea, PD-50, kilichojengwa Sweden kwa ajili ya Wasovieti. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 2018, manowari ikiwa inatolewa humo karibu na Murmansk, umeme ulikatika, pampu zikasimama, matangi ya chelezo yakajaa maji, nacho kikazama chini ya meli. Kreni ya chelezo hicho iliangukia sitaha na kuitoboa. Manowari ilinusurika, lakini sasa haikuwa na mahali pa kutengenezewa. Ikabidi vyelezo viwili vikavu vya kiwanda kimoja cha Murmansk viunganishwe kuwa kimoja kirefu, kazi iliyochukua miaka, na meli haikuingia humo hadi mwaka 2022. Katikati ya kusubiri huko, tarehe 12 Desemba 2019, moto ulizuka wakati wa kuchomelea vyuma, ukaenea chini ya sitaha na kuua watu wawili.

Inasimuliwa kwamba Yuri Makarov, mkurugenzi wa kile kiwanda cha Mykolaiv, alipoulizwa baada ya dola kuvunjika anahitaji nini ili amalize meli pacha ya Kuznetsov, alijibu kwamba anahitaji Umoja wa Kisovieti, pamoja na wizara zake na mamia ya viwanda vilivyokuwa vikimletea vifaa. Pacha huyo aliitwa Varyag, na kazi yake ilisimama ikiwa imefika kama theluthi mbili. Mwaka 1998 ganda lake liliuzwa kwa dola milioni 20 kwa kampuni ya Macau iliyosema inataka kuligeuza kasino. Lilikaa zaidi ya mwaka likiburutwa na tagi likisubiri Uturuki ikubali lipite, likapita Bosphorus Novemba 2001, likafika Dalian mwaka 2002, na tarehe 25 Septemba 2012 likaingia jeshini kwa jina la Liaoning. Kasino hatukuiona.

Hapa ndipo hoja ya Admeri inapopata shida. China haikununua meli peke yake. Ilinunua kutoka Ukraine ndege ya majaribio iliyozaa Su-33, ikapata michoro, ikajenga sitaha ya mazoezi ya nchi kavu, ikafundisha marubani kidogo kidogo, kisha ikajenga manowari yake yenyewe, Shandong, iliyoingia jeshini mwaka 2019, na Novemba 2025 ikaingiza Fujian yenye manati ya sumakuumeme ya kurushia ndege. Yote hayo yalitokea katika miaka ile ile ambayo makombora ya kasi na droni zilikuwa zikiongezeka, na China ndiyo inayojua makombora hayo kuliko wengi, kwa kuwa imeyatengeneza mahususi kwa kuwinda manowari za Marekani. India, ambayo meli zake zinapita katika bahari hii hii yetu, nayo imebaki na mbili. Kama silaha hii imekufa, habari za msiba hazijawafikia wanaolipa fedha nyingi zaidi kuinunua.

Lakini haki itendeke. Mwaka 2022, Aprili, Urusi ilipoteza meli Moskva, meli kinara ya kikosi chake cha Bahari Nyeusi, iliyopigwa kwa makombora kutoka ufukweni na Ukraine, nchi ambayo karibu haikuwa na jeshi la majini. Tangu hapo boti zisizo na watu zimewafukuza wanamaji wa Urusi kutoka sehemu kubwa ya bahari hiyo. Afisa yeyote aliyeyaona hayo ana haki ya kuogopa kuweka ndege, wanamaji na fedha za miaka kumi juu ya chombo kimoja. Isitoshe, manowari ya Kisovieti haikubuniwa kufanya kazi ya manowari ya Kimarekani. Kazi yake ilikuwa kuweka mwavuli wa anga juu ya nyambizi za nyuklia katika Bahari ya Barents. Ndiyo maana ilibeba makombora 12 makubwa ya Granit, na ndiyo maana iliitwa rasmi merikebu nzito ya kivita yenye ndege, jina ambalo pia lilisaidia mambo yasiwe magumu chini ya Mkataba wa Montreux wa 1936 unaosimamia milango-bahari ya Uturuki. Haikuwa na manati ya kurushia. Ndege hupanda mwinuko wa mbele kwa nguvu za injini zake, na hivyo haiwezi kuondoka na mafuta kamili na mabomu kamili kwa pamoja. Ndege kubwa ya rada nayo haikuweza kuruka hapo, kazi hiyo ikaachiwa helikopta. Kuilinda nyambizi karibu na nyumbani, kwa ndege zinazotoka uwanja wa nchi kavu, kunawezekana bila meli hiyo, na kwa maoni yangu hilo ndilo jibu zuri zaidi ambalo Moscow ingeweza kutoa, kama ingelitoa mwaka 2005.

Je, Urusi inaweza kujenga mpya? Vielelezo vya mezani vipo. Mradi wa Shtorm umeonyeshwa kwenye maonyesho ya silaha kwa zaidi ya muongo, ukiwa na uzito unaotajwa kuwa karibu tani 100,000, ukafuatwa na Lamantin mwaka 2019, mdogo kidogo. Havikosi kitu ila mahali pa kujengwa. Mykolaiv haipo mikononi mwao. Kiwanda cha Sevmash cha Severodvinsk kimejaa nyambizi, na ndicho kilichopewa kazi ya kuibadilisha Admiral Gorshkov, manowari ya zamani ya Kisovieti, kuwa Vikramaditya ya India. Kazi hiyo ilianza na mkataba wa mwaka 2004, bei ikapanda kutoka chini ya dola bilioni moja hadi zaidi ya bilioni mbili, na mwaka 2012 boila kadhaa zikaharibika majaribioni kwa sababu matofali ya ndani hayakustahimili joto. Meli ilikabidhiwa Novemba 2013. Mafundi wa Severodvinsk si wabaya hata kidogo. Walikuwa wanafanya kwa mara ya kwanza kazi ambayo wenzao wa Mykolaiv walikuwa wameizoea.

Hata daraja la chini yake halijakaa sawa. Urusi iliagiza Ufaransa meli mbili za Mistral za kubeba helikopta mwaka 2011, lakini baada ya Crimea kutwaliwa mkataba ulivunjwa mwaka 2015, na meli hizo leo ziko Misri zikiitwa Gamal Abdel Nasser na Anwar El Sadat. Badala yake, Julai 2020, meli mbili za helikopta zilianza kujengwa Kerch, ndani ya Crimea. Mwezi Novemba 2023 makombora ya Ukraine yalikipiga kiwanda hicho na kuharibu meli nyingine iliyokuwa pale. Kujenga meli ya miaka arobaini mahali ambapo kombora la adui linafika kwa dakika ni uamuzi ambao, sijui ninyi, mimi nisingeuwekea sahihi.

Mniruhusu niseme jambo moja la jiografia. Mapema mwaka 1905 kikosi cha Kirusi kilichotoka Baltiki kilikaa wiki nyingi Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, si mbali na Komoro, kikihangaika na makaa ya mawe na maradhi, kabla ya kwenda kuangamia mikononi mwa Wajapani huko Tsushima mwezi Mei. Urusi ina bahari nne zisizoonana, na kila mara inapotaka nguvu kubwa mahali pamoja lazima izunguke nusu ya dunia. Nchi ya namna hiyo haitatosheka na manowari moja. Ingehitaji angalau moja kaskazini na moja Pasifiki, na ya tatu ikiwa kwenye chelezo. Hivyo swali halisi kwa wakuu wa Moscow halihusu manowari moja bali tatu, pamoja na meli za kusindikiza, magati na vyelezo vyake, katika nchi ambayo fedha zake zinaliwa na vita vya nchi kavu.

Ninachotarajia, basi, ni kwamba ndege za wanamaji wa Urusi zitaendelea kuwepo zikiruka kutoka nchi kavu: Tu-142 na Il-38 za kuwinda nyambizi, Su-30 za mwambao, na helikopta za Ka-27 kwenye meli ndogo. Nafasi ya kutisha kwa mbali itashikwa na meli za ukubwa wa Admiral Gorshkov nyingine, si ile iliyokwenda India bali ile frigeti, meli ya kivita ya ukubwa wa kati, iliyofika Afrika Kusini Februari 2023 ikiwa na makombora ya Zirkon kwa mazoezi na wenyeji wake na China, na ambayo haikuhitaji tagi. Na ikiwa kitu chochote kitaruka tena kutoka sitaha pana ya Kirusi katika miaka ishirini ijayo, kuna uwezekano mkubwa kikawa droni, kwa njia ambayo Uturuki imeanza kuifuata na meli yake Anadolu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza mlangoni nitajuaje kama nimekosea. Ni swali zuri, na jibu lake lipo Yeysk, kwenye Bahari ya Azov. Urusi ilipokuwa ikikodi Nitka kutoka Ukraine iliamua kujijengea sitaha yake ya mazoezi huko, yenye mwinuko na nyaya, kisha mwaka 2014 ikaitwaa na ile ya Saky. Leo inazo sitaha mbili za nchi kavu na haina hata moja baharini. Marubani waliotua usiku juu ya Kuznetsov mwaka 2016 wanakaribia kustaafu. Mkiona vielelezo vipya vya manowari kwenye maonyesho ya silaha, msivitazame sana. Tazameni kama kuna luteni kijana anayepelekwa Yeysk kufundishwa kukamata waya, na kama aliyemfundisha amewahi kuukamata mwenyewe baharini.